Benchi la Bedan Lililowafukuza Watoto

Kunapambazuka Kariobangi na baridi ya Julai inakata masikio. Bedan Ngigi, msafishaji wa zahanati ya kaunsili ya jiji, anavuka uwanja akiwa amebeba jiko la makaa. Analitua katika baraza ya kungojea, anapiga magoti, kisha anapitisha kiganja juu ya benchi la saruji, mwanzo hadi mwisho.

"Kavu," anasema, ingawa hapana wa kumwambia.

Leo ni Jumatano, siku ya watoto wenye siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Yupo mmoja kati yao ambaye Bedan anamngoja kuliko wote, na hajui kama atakuja.

Mzee huyu wa miaka hamsini na mitatu si mpole. Huwafokea akina mama wanaomwaga uji, wanaume wanaotema mate, na mbwa yeyote anayekatiza. Watoto humwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, hata wale wa Kijaluo. Tangu zahanati ifunguliwe mwaka 1968, kila alfajiri alilisugua benchi hili kwa sabuni na maji tele.

"Hata meya angekuja, angekula ugali hapa bila sahani," anajigamba.

Tatizo ni kwamba Juni na Julai saruji iliyosuguliwa alfajiri haikauki. Na mtoto mwenye siko seli akipigwa na baridi, damu husongamana mishipani na mifupa huuma kama inavunjwa.

Adhiambo, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuwa akikaa. Alisimama kando ya ukuta mpaka aitwe. Bedan aliona ni utundu. Jumatano moja ya mwezi wa Juni alimfokea: "Wewe msichana, benchi nimesugua la nani? Kaa!"

Adhiambo akakaa. Kabla ya saa sita alikuwa akilia kwa maumivu, mama yake, Norah, amembeba mgongoni kumkimbiza hospitali kuu. Alilazwa, akapona, lakini zahanati hakurudi tena. Dawa zake za kila mwezi zikabaki kabatini.

Wengine nao wakaanza kupungua. Sista Wacera, muuguzi msimamizi, akaona hakuna haja ya kubahatisha. Aliwaita ofisini wale waliobaki, wazazi akawaacha nje, akawauliza ni kitu gani kinawafukuza.

"Hiyo benchi ya Guka ni friji, Sista," alisema Owino, mvulana wa miaka kumi na minne asiyejua kunyamaza. "Ukikaa hapo unatoka kama samaki wa barafu."

"Na choo anafunga," akadakia Waithera, mdogo kuliko wote. "Mnatuambia tunywe maji mengi. Sasa tukojoe wapi?"

Bedan alikuwa mlangoni na ufagio wake. Alisikia yote.

"Nilitaka kuingia niwatoe mmoja mmoja kwa masikio," anasema, na sasa anacheka. "Nasugua mpaka mgongo unalia, halafu kitoto kinaniambia nauza barafu?"

Usiku ule hakula. Asubuhi alisugua kama kawaida, kisha akakaa yeye mwenyewe na kikombe cha chai.

"Chai haikuwa imepoa, magoti yalikuwa yameshakufa ganzi," anakumbuka. "Na mimi sina ugonjwa wowote. Nikasema, Bedan, mtoto wa watu ulimkalisha hapa kwa makelele."

Tangu siku hiyo, kwa ajili ya Jumatano husugua Jumanne mchana, jua likiwapo. Ufunguo wa choo, aliokuwa akiuficha mfukoni kama hati ya shamba, sasa unaning'inia kwenye msumari, mahali Waithera anapoufikia. Makaa hununua mwenyewe, kwa mshahara usiofika shilingi elfu moja kwa mwezi. Jiko ni la mke wake, Lydiah.

"Jiko langu la chapati limeandikwa kazi na kaunsili," Lydiah hulalamika, "lakini mshahara wake siuoni."

Watoto walirudi, wote isipokuwa Adhiambo. Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, Bedan alikwenda kwao akiwa bado na tai shingoni. Norah alimkaribisha, akatikisa kichwa. "Hataki, baba. Anasema afadhali augulie nyumbani."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Umekuja kuniambia nikae?"

"Hapana," Bedan akajibu. "Nimekuja kukuuliza ungependa kukaa wapi."

Kisha akaaga, akaenda zake.

Jua limeshapanda sasa, na baraza imejaa. Owino anamwigiza Bedan akifukuza mbwa, wenzake wanavunjika mbavu. Ghafla wote wanageuka. Adhiambo ameingia na mama yake, amevaa sweta mbili. Analigusa benchi kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima maziwa ya mtoto.

"Imekauka," anasema. "Lakini iko juu. Miguu inaning'inia mpaka inakufa ganzi. Afadhali ya mbao. Fupi."

Bedan anatoa kamba mfukoni. Naftaly, seremala wa jua kali anayefanya kazi nje, nyuma ya zahanati, ameshapata mbao za masanduku ya chai, na Sista Wacera amekubali benchi jipya liwekwe kabla ya mwezi kwisha. Vipimo tu ndivyo vilivyokuwa vimebaki, na Bedan alikuwa amekataa kuvitoa yeye, akimngoja Adhiambo. Anainama, anapima kutoka kisigino cha Adhiambo hadi gotini, anafunga fundo.

"Hapa?"

"Shusha kidogo."

Anashusha. Analitazama fundo, uso umekunjamana. "Fupi namna hii, mimi nitakaaje?"

"Guka, wewe hukai," Adhiambo anamwambia. "Wewe unasugua."

Owino anacheka mpaka anashika mbavu. Adhiambo anavua sweta moja, anaikunja, anaiweka juu ya benchi karibu na jiko, kisha anakaa taratibu.

Bedan anageuka upesi, anashika ufagio, anaanza kufagia mahali palipo safi.