Bendera Tatu na Pazia Langu

Wifi yangu akisema "sawa" huku amebana midomo, ficha mali yako. Hilo nimelijua tangu nilipoolewa na kaka yake, na bado safari ile halikunisaidia.

Yeye ni fundi cherehani wa Wizara ya Mambo ya Nje. Watu wakisikia wizara wanadhani ana ofisi yenye zulia. Ana chumba cha chini chenye dirisha moja linalotazama magurudumu ya magari ya wakubwa, cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia. Humo ndimo zinamoshonwa bendera za wageni wote wanaokuja kuzungumza na nchi yetu. Mtaani tunamwita Mama Bendera, na anaitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na mamake.

Nchi yetu ina maneno yake, tuliyakaririshwa shuleni kabla hatujajua kufunga viatu: hakuna mkubwa wala mdogo. Wengi wetu tuliyaacha darasani. Wifi aliyabeba mpaka kazini, na kwa kweli huko ndiko yanakoonekana. Ndiyo maana watoto wote wa shule za serikali huvaa sare ya kitambaa kimoja, wa waziri na wa mfagizi. Ndiyo maana bendera ya mgeni, awe ametoka kwenye taifa la makombora au kwenye nchi ambayo ukipiga chafya umeshaivuka, hukatwa kwa kipimo kilekile cha bendera yetu. Na ndiyo maana vita vilipowaka kwa jirani zetu wadogo ng'ambo ya mto, mpaka ulifunguliwa, na waliokimbia wakaruhusiwa kufanya kazi kama sisi.

Mmoja wao alikuwa kijana fundi redio, mrefu, mpole, anayecheka kabla hajamaliza kisa chake. Aliitwa wizarani atengeneze cherehani iliyogoma. Akamwambia wifi, "Mimi najua redio tu, dada, lakini wacha nijaribu." Cherehani haikupona, ila yeye aliendelea kuja kuijulia hali, mpaka wakaoana. Shemeji yangu huyo kila mwaka alituahidi kwamba mambo yakitulia atatupeleka tukaone kwao. Mambo yalipotulia, moyo wake ulikuwa umeshachoka, tukamzika hapahapa. Shati lake jeupe la kazini lilibaki likining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nyumbani kwa wifi, na kila Jumapili alilipiga pasi. Sikumuuliza kwa nini, maana nampenda.

Basi ikaja habari ya daraja. Nchi tatu zingekutana wizarani: sisi, jirani wa ng'ambo ya mto, na taifa kubwa lililokubali kutoa fedha. Bwana Itifaki, yule anayepanga nani akae wapi na nani atangulie mlangoni, alishuka ngazi hadi chumba cha wifi huku anajifuta jasho. Si mtu mbaya, ila ana hofu ya kuku aliyeona kivuli cha mwewe.

"Mama, bendera ya wageni wakubwa ishone mara mbili ya kawaida. Hizo nyingine mbili ziwe zilezile za siku zote."

"Na kanuni, bwana?"

"Mama yangu, kanuni haijengi daraja."

"Sawa," akasema wifi, na midomo akaibana.

Jioni alipita saluni kwangu. Nilikuwa namsuka mteja, mikono imejaa nywele. Hakukaa. "Unajua bendera ya mume wangu itaonekanaje pale?" akaniuliza. "Kama leso ya kupengea kamasi. Walikuja hapa wanakimbia, tukawaambia ninyi ni watu kama sisi. Leo wamekuja kwa miguu yao wenyewe, ndiyo tuwaonyeshe kwamba tulikuwa tunawadanganya?" Nilimwambia aache, kwamba amebakiza miezi michache astaafu, na mwenye nguvu mpishe. Akanitazama, akaniambia "sawa," akatoka. Nami mjinga nikaendelea kusuka.

Niliporudi nyumbani, dirisha la sebuleni lilikuwa uchi.

Nieleze kuhusu pazia lile. Lilikuwa la kijani kibichi, zito, refu mpaka sakafuni, na nililichagua mwenyewe baada ya kuwachosha wauza vitambaa wa soko zima. Wageni walikuwa wakiingia wanalisifu pazia kwanza, kisha ndio wanatusalimia. Nikamgeukia mume wangu. "Wifi yako amelipitia," akasema, macho kwenye gazeti. "Mimi nilidhani mmekubaliana." Nilipandwa na hasira, nikatoka na kandambili za bafuni hadi kwa wifi.

Nilimkuta ameshalikata. Bendera ya ng'ambo ni kijani kitupu na duara jeupe katikati, na stoo ya wizara ilikuwa na kila rangi ila hiyo. Bendera yetu alikuwa ameshaishona kwa kipimo kipya, sawa na ya wageni wakubwa.

"Si ungeniomba, wifi?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Basi nimekuepusha na dhambi. Shika huku, uninyooshee pindo."

Nikashika. Ungefanyaje?

Siku ya mkutano nilifunga saluni, nikakaa mbele ya televisheni roho juu, wifi akiwa huko wizarani. Kamera ikaingia ukumbini. Bendera zilikuwa tatu ukutani, kubwa, sawasawa, na ya kulia lilikuwa pazia langu. Nilimwona Bwana Itifaki pembeni amesimama kama mtu aliyemeza mfupa. Muda wa kubadilisha haukuwepo, wageni walikuwa mlangoni. Waziri wetu akaingia, akasimama, akatazama juu. Mimi nikashika kichwa, nikijua wifi yangu kazi hana tena.

Waziri akasema, "Zimependeza," akavuta kiti. Wale wa taifa kubwa wakakaa, wale wa ng'ambo wakakaa, wakaanza kuzungumza habari ya zege.

Baadaye Bwana Itifaki alishuka tena chumba cha chini. Wifi alikuwa ameshafunga vitu vyake kwenye mfuko. Aliulizwa jambo moja tu: kitambaa cha kijani kimetoka wapi? "Kwa wifi yangu." Bwana Itifaki akafikiri kidogo. "Mpe pole," akasema, akapanda ngazi zake. Daraja nalo linajengwa, na siku hizi ukipita mtoni unazisikia mashine.

Mimi pole sikuitaka, nilitaka pazia. Nilimfuata wifi nyumbani kwake. "Mkutano umekwisha. Fumua, unirudishie hata vipande, nitashonea mito."

"Halipo. Umesahau? Mgeni akiondoka tunampa bendera yake. Wamekwenda nayo kwao."

Nikafungua kinywa nimmwagie yote niliyokuwa nayo. Ndipo mlango ukajifunga taratibu nyuma yangu, nikageuka, nikaona msumari mtupu.

"Wifi," nikasema. "Lile duara jeupe."

"Upande mmoja kifua, upande mwingine mgongo," akajibu. "Alikuwa na kifua kipana, kitambaa kilitosha." Alilia, nikalia naye, tukachekana kwa jinsi tulivyokuwa tunapenga kamasi.

Dirisha langu mpaka leo halina pazia. Jua la mchana linaingia moja kwa moja machoni mwa mume wangu, naye akianza kunung'unika nyuma ya gazeti lake, namwambia avumilie. Pazia limempeleka shemeji yake kwao.