Nasaha za Kassian Siku ya Kumuaga Damas

Mume wangu Kassian anapima maji. Ndiyo kazi yake, kwenye maabara moja Saint Paul: kutwa nzima anatia maji ya bomba kwenye vichupa na kuyatafutia ubaya. Nyumbani hana ubaya na mtu. Mimi nikifoka yeye anachambua mchele, nikimaliza ananiuliza kama aniongeze chai. Watu wote wa Mbinga waliopo Minnesota wanamjua kwa upole huo, na kwa jambo moja zaidi: aliwahi kufanya kazi kwenye mafuta, kule North Dakota, miaka mitatu.

Niseme mapema ili msihangaike. Kuhusu miaka hiyo mitatu mume wangu alitudanganya wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Alikwenda mwaka 2012, shahada ya kemia mkononi na kazi hakuna. Tukamuaga kwa shangwe: pilau, kwaya, padri akambariki, vigelegele mpaka mlangoni. Sasa kwetu sisi, mtu ukishaagwa namna hiyo unarudije ukasema kule hakufai? Hata anayerudi na begi tupu husema Mungu ni mwema. Kassian aliporudi 2015 akasema hivyo hivyo. Kule ni neema, kazi tele, wenyeji wakarimu. Kikohozi alichorudi nacho alisema ni pumu ya baridi, nami nikamsimulia kila aliyeniuliza kwamba mume wangu ana pumu.

Dalili zilikuwepo, ila mimi na haraka zangu sikuziona. Televisheni ikisifia mafuta yanayotolewa kwa kupasua miamba, jinsi yalivyoikomboa nchi hii, yeye huguna tu. Siku moja nikamuuliza, unaguna nini? Akasema, "Wawaulize wenye visima, kisima hicho kitatoa kiasi gani mwaka kesho." Akaenda kuosha vyombo.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu akaja Damas, mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alikuwa anafanya kazi kwenye ghala huko Eagan, na mkewe Generosa ana mimba ya miezi saba. Akaingia kwetu Hopkins anacheka peke yake.

"Shemeji, nafuata nyayo zako! Nimepata kazi North Dakota."

Kassian akaweka kikombe chini. "Kazi gani?"

"Kupakua mchanga. Ule wanaousukuma ardhini pamoja na maji ili mwamba upasuke."

"Generosa anasemaje?"

"Alikuwa anaogopa. Nikamwambia, mbona shemeji alikaa miaka mitatu akarudi mzima? Akanyamaza."

Kassian akamjazia chai. Damas alipoondoka akaniambia hapendi yule kijana aende. Kumbe nilikuwa na langu moyoni! Nikamwambia, "Wewe ulikwenda, yeye asiende? Unamwonea gere mdogo wangu?" Akasema, "Basi, Mama Brigitha." Jamani, maneno yale nayajutia hadi leo.

Jumamosi iliyofuata tukamuaga Damas nyumbani kwa Tumsifu, mwenzetu wa Mbinga, huko Champlin, watu wamejaa. Damas alikuwa ameshaacha kazi ghalani. Msema chochote wetu, Peter, ambaye hata msibani hawezi kuacha mzaha, akapaza sauti: "Sasa nasaha! Tunamtaka aliyetangulia, mzee wa visima, aliyeyanywa mafuta kama togwa!" Watu wakacheka, Kassian akasimama.

Mwanzo alikohoa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia chai:

"Damas, nasaha yangu ni kwamba usiende. Mimi sina pumu. Nina mchanga kifuani."

Nilikuwa nimeshika sinia la vitumbua. Sikuliangusha. Nililiweka mezani nikakaa.

"Kazi unayokwenda kuifanya ndiyo niliyoifanya mimi," akaendelea. "Mchanga wenyewe unatoka hapa jirani, Wisconsin, kwenye vilima vilivyobomolewa. Ukiupakua, vumbi linapanda humwoni mwenzako. Msimamizi alitupa vitambaa vya karatasi vya puani, navyo ikifika saa nne vimejaa vumbi ndani na nje. Faida sisemi haipo. Wenye visima walipata. Wenye nyumba za kupangisha walipata, miaka miwili. Lakini kisima kile kinatoa kwa nguvu mwaka wa kwanza, wa pili kimechoka, basi wanahamia kingine, maji mengine, mchanga mwingine. Mzee mmoja wa shamba la ngano alinionyesha mahali maji ya chumvi kutoka visimani yalipomwagika. Hapakuwa na hata gugu. Tukatoa mafuta mengi hadi bei ikaanguka. Nyie huku mkashangilia petroli imeshuka, na sisi kwa sababu hiyo hiyo tukaambiwa tukusanye vitu vyetu."

Mtu mmoja nyuma akauliza kwa nini hakusema siku zote.

"Mlinipigia vigelegele," Kassian akasema. "Nikaona haya."

Damas akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Shemeji, miaka tisa unaniambia neema. Leo nimeshaacha kazi, nina mtoto njiani, ndiyo unaniambia vumbi. Nitajuaje kwamba leo ndiyo unasema kweli?"

Nilimkasirikia mdogo wangu, nikamkasirikia mume wangu zaidi, na hasira zote hazikuwa na pa kwenda kwa sababu Damas alikuwa na haki.

"Huwezi kujua," Kassian akasema. "Jumatatu saa tatu asubuhi nina kliniki ya mapafu. Dada yako hajui. Nipeleke wewe."

Generosa, ambaye huwa haongei mbele za watu, akasema, "Atakupeleka, shemeji." Ikawa imekwisha hivyo.

Jumatatu nikajipakia kiti cha nyuma bila kukaribishwa. Damas akaendesha. Kliniki wakampa Kassian mrija apulize kwenye mashine, nesi anamhimiza, puliza, puliza, usiache! Huyu ndiye aliyekuwa akiimba besi kanisani, akiishika sauti hadi watoto wanageuka kumtazama. Akapuliza, pumzi ikakatika. Akarudia, ikakatika hapo hapo. Daktari akatuonyesha picha ya kifua, madoa meupe yametapakaa, akasema vumbi la mawe likishaingia halitoki, wanachoweza ni kulichunga. Damas akauliza swali moja tu: mtu anatakiwa akae kule muda gani hadi awe hivi? Daktari akasema inategemea na vumbi lenyewe, wengine hata mwaka mmoja unatosha. Damas alikuwa amesaini mkataba wa miwili.

Tukarudi Hopkins. Tunakaa ghorofa ya tatu, jengo la zamani, lifti hakuna. Mimi nikatangulia kama kawaida yangu. Kassian alipanda hadi ghorofa ya kwanza, akasimama, akaanza kujipapasa mifukoni kutafuta funguo. Kila siku husimama pale kutafuta funguo, nami kila siku, nikiwa juu na mifuko ya sokoni, humfokea: "Baba Brigitha, hebu panda, chakula kitaoza!"

Damas akasimama naye. Hakumshika mkono wala hakumwambia pole. Akatoa simu, akampigia yule aliyempa kazi North Dakota pale pale ngazini, akamwambia haji, asimngoje. Akairudisha simu mfukoni, akaendelea kusubiri.

Mimi nilikuwa juu yao nimeegemea ukuta. Kassian bado alikuwa anajipapasa, mfuko wa koti, mfuko wa suruali, taratibu, huku kifua kinapanda na kushuka. Na funguo za nyumba ninazo mimi. Miaka yote hiyo, funguo ninazo mimi.