Bibi Hakuuza Ugali

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka Ruangwa kula kwenye hoteli mpya, zile hoteli ambazo hata kiti unaogopa kukikalia. Kijana wa kuhudumia akaniambia, "Bibi, sinki lile pale, kanawe." Nikamtazama. Nikamwambia, "Mwanangu, nimelisha watu tangu baba yako hajazaliwa, na sijapata kumwambia mgeni ainuke akanawe." Akacheka, akadhani natania. Nikainuka, nikanawa peke yangu nimeuelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, nikarudi. Mezani nikakuta chupa ya maji imesimama, na yenyewe ina bei. Hapo ndipo bibi yangu aliponijia, na hajaondoka mpaka leo nimekaa kuandika haya. Elimu yangu ni madarasa mawili tu, kwa hiyo msomaji, ukikuta nimekosea mahali, pita. Chakula kiko mbele.

Bibi huyo, mama wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Mama alikuwa ameolewa upya huko Mnero, na mimi nikabaki kwa bibi, kando ya barabara ya kutoka Ruangwa, pale inapokaribia kuingia Nachingwea. Nachingwea yenyewe ilikuwa changa kama mimi. Wazungu walikuja na shamba lao la karanga, matinga yakang'oa pori usiku na mchana, mpaka vyungu vya bibi vikawa vinagongana vyenyewe ukutani. Vumbi jekundu lilikaa kwenye kila kitu, hata kwenye kope. Baadaye karanga zikakataa kama wazee walivyosema zitakataa, matinga yakanyamaza, lakini watu hawakuondoka wote. Walibaki wa malori, wa reli, wa maduka, wa maofisi. Wanaume kutoka Songea, kutoka Msumbiji, kutoka nisikokujua. Hawakuja na wake, na mwanaume asiye na mafiga anakula wapi?

Sasa lazima nikueleze jambo, maana vijana wa leo hawalijui. Kwetu Wamwera, enzi za bibi, chakula kilichopikwa hakikuuzwa. Unga uliuzwa. Kuku hai waliuzwa. Makopa ya muhogo yaliuzwa hata kwa gunia. Lakini ukishasonga ugali ukaufunika, huo ni wa atakayefika. Mwanamke aliyeuza ugali walimsema kwamba kesho atauza mwanawe. Si mzaha, lilikuwa tusi la kuhamisha mtu kijiji.

Basi siku moja lori liliharibika mbele ya nyumba yetu. Dereva wake alikuwa Mngoni mrefu mwenye sauti ya ngoma. Bibi akamwita, akampa ugali wa mtama na kisamvu kilichotwangwa na kuungwa karanga. Kesho yake lori halijapona, akala tena. Siku ya tatu akakaa jamvini lakini hakugusa chakula.

"Bibi, ugali huu kiasi gani?"

"Kiasi gani nini? Kula."

"Juzi nilikula bure, jana nilikula bure. Mimi nina kazi, bibi, si ombaomba. Usipopokea sirudi hapa."

"Na mimi nikipokea, uso wangu nitauficha wapi?"

Ugali ukawa unapoa katikati yao. Wakati huohuo mimi ndiyo natoka kisimani, mtungi kichwani, maji yananichuruzika shingoni mpaka mgongoni. Kisima kilikuwa bondeni, mbali, na kiangazi kile unachota kwa kata na kusubiri maji yajikusanye tena. Bibi akanitazama, akaona njia.

"Lipa maji," akasema. "Ya kunawa. Ugali ni wako, mgeni halipi. Lakini maji yana jasho la mtu, na mtu mwenyewe huyu hapa."

Mngoni akacheka mpaka akaegemea nguzo. Akaweka senti zake kwenye kifuu cha nazi, akanawa, akala. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa hoteli ya bibi yangu, na ninasema wazi bila kuona haya: kilichouzwa pale ni kazi ya kichwa changu na shingo yangu. Wanaojisifu kwamba wameanza biashara kwa mtaji, mimi nimeanza nikiwa mtaji.

Jua halijatoka niko njiani na mtungi. Nikirudi nakuta mchi wa bibi unadunda kinuni, moshi unapita katikati ya makuti ya paa, harufu ya mbaazi zinazochemka na makopa yaliyotwangwa. Adhuhuri wanakuja, makarani wenye wino vidoleni, makuli wenye viganja kama magome, madereva wenye grisi. Hao wa grisi nilikuwa nawapa kwanza majani ya mpapai wasugue. Nilijifunza kumnawisha mtu. Humwagi tu kama unamwagilia mchicha. Unainama kidogo, unatiririsha taratibu, unasubiri ageuze viganja, unamalizia kwenye ncha za vidole. Mtu akishanawishwa hivyo, hata kama amegombana na msimamizi, mabega yanashuka. Alikuwepo mjanja mmoja aliyefika mikono inametameta, anasema, "Mimi nimeshanawa kwa jirani, nipe ugali tu." Bibi hata hakugeuka kutoka jikoni. "Mikono iliyonawa kwa jirani ikale kwa jirani."

Lakini maneno yana miguu. Yalifika Mandawa kwa mdogo wake bibi, ambaye ndiye mjomba wa mama yangu, nami nikimwita babu mjomba, mkubwa wa ukoo wetu. Kwetu ukoo ni wa mama, na mjomba akisema amesema. Akatuma ujumbe: dada yangu anauza ugali barabarani, nitakuja kung'oa mafiga, atarudi Mandawa alime kama wenzake. Bibi akaupokea ujumbe ule, akaendelea kuchambua mlenda. Ila usiku nilimsikia anajigeuza kitandani. Mafiga yakishang'olewa na mjomba, hakuna mwanamke anayeyarudisha.

Akaja kweli, mchana, jamvi limejaa. Alisimama mbele ya watu walioketi na fimbo yake, hakuamkia.

"Dada, nimesikia unauza ugali."

"Nauza maji," bibi akasema.

"Maji." Akakaa chini, akanyoosha mikono. "Haya, mtoto aninawishe. Halafu unidai."

Jamvi zima likaacha kutafuna. Hata mimi na utoto wangu niliuona mtego. Bibi akimdai, amemuuzia chakula ndugu yake wa tumbo moja, ukoo umekwisha. Asipomdai, ameonyesha mbele ya watu wote kwamba maji ni kisingizio, na kinacholipiwa ni ugali. Nilisimama na kata yangu, nimeganda. Bibi akabaki ameshika mwiko.

Aliyeinuka ni yule Mngoni. Wangoni ni watani wetu tangu babu zao walipokuja kuwapiga babu zetu, na mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo mtu mwingine. Akaninyang'anya kata.

"Mtani, lete hiyo mikono iliyozoea kurusha mkuki huku miguu inakimbia."

"Usiniguse," babu mjomba akasema. "Babu zako walikuwa wezi wa wanawake na kuku."

"Kuku walikuwa wakondefu, wanawake walikuwa wakali, tumepata hasara. Nawa. Maji haya nimeshayalipia mimi. Leo wewe ni mgeni wangu."

"Mgeni wako? Nyumbani kwa dada yangu mwenyewe?"

"Aliyelipia maji ndiye mwenyeji. Ndiyo sheria ya hapa. Au Wamwera mmeanza kukataa karibu ya mtu?"

Kicheko kilianzia kwa makuli, kikamfikia karani mmoja akapaliwa. Babu mjomba alijikaza, mdomo ukamsaliti. Mtani hakataliwi, na karibu haikataliwi. Akanyoosha mikono, Mngoni akamwagia, vibaya kweli, akamlowesha mpaka kanzu. Akala. Alikula kisamvu, akafuta chungu kwa tonge la mwisho, akainuka.

"Mafiga yakae," akasema, akaenda zake Mandawa.

Tangu siku ile ikawa desturi. Mtu mwenye mshahara anaweka senti, ananyoosha kidole: "Mnawishe na yule pale." Yule pale labda amefukuzwa kazi, labda lori limemwacha. Anakula kama mgeni wa mtu, hajaomba, hajakopa. Nimetembea nikafika Lindi, Mtwara, hata Dar es Salaam, nimekula kwenye hoteli za kila namna. Desturi ile sijaikuta.

Bibi alifariki mimi ndiyo nimevunja ungo. Watu walijaa uani mpaka barabarani. Jeneza lilipoinuliwa, Mngoni akalala chini mlangoni kama watani wanavyofanya. Akasema, "Hapiti mtu. Kwa huyu mama nimezoea kunawishwa kila ninapofika, na leo nimefika mikono michafu." Watu wakasubiri ahongwe aondoke. Ndipo babu mjomba, mkubwa wa ukoo mzima, akaingia jikoni mwenyewe, akatoka na mtungi na kata. Akainama, mzee yule na magoti yake, akamnawisha. Taratibu, mpaka ncha za vidole, kama nilivyokuwa nafanya mimi. Akasema watu wote wasikie, "Dada yangu hakuuza ugali hata siku moja." Mngoni akaondoka mlangoni huku analia.

Mimi nilirithi mafiga. Mimi ugali nimeuuza, sitakudanganya. Umeandikwa ubaoni nje ya hoteli yangu hapa Nachingwea, na bei yake, na kwa ugali huo nimejenga nyumba na kusomesha. Jasho langu na uso wangu viko mahali pake. Nyakati zilibadilika, nami sikukaa kuzililia. Bwana afya alisema niweke bomba, nikaweka, linang'aa.

Lakini kisima cha bondeni kimefukiwa, na barabarani kwetu mtu wa kusema "mnawishe na yule" simwoni tena. Kila mtu ananawa ukutani, anakula anatazama simu, analipa chake, anakwenda. Kwa hiyo asubuhi, mgeni wa kwanza akiingia kwangu na kuelekea bombani, ninamwambia akae. Ninamletea maji mwenyewe, ingawa mgongo unagoma kuinama. Wengi hushtuka na kutaka kulipa zaidi. Ninawaambia ugali wataulipia, maji hayauzwi.