Shilingi Iliyozama

Juzi nilisoma ubao wa bei kwenye duka la kubadilishia fedha mjini Sumbawanga, nikaikumbuka ndoo yetu ya maji kule Kaengesa nilipokuwa mtoto.

Mama alikuwa ameficha ndani ya ulezi kwacha alizopata kwa kuuza maharage Zambia. Zamani kukutwa nazo lilikuwa kosa.

“Siku hizi ruksa, dada, kazibadilishe mjini,” mjomba alimwambia. “Au unawawekea panya? Benki Kuu imeiacha shilingi ielee.”

Nilitumbukiza shilingi ndooni. Ikazama.

“Mama, usiende mjini. Mjomba muongo, utafungwa.”

Mama alicheka, akapangusa noti zilizonuka vumbi la ulezi, akaenda.

Sasa najua kuelea ni bei ya shilingi kupanda na kushuka kufuatana na soko. Jioni ile nilichojua ni kwamba mama amerudi, ana mkate kwapani, na shilingi bado imelala chini ya maji.