Nyota za Chebet

Harufu ya sponji ya hedifoni iliyolowa jasho la watoto hunirudisha darasa la kwanza papo hapo. Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya mandazi. Mimi nimeangukia hiyo.

Shule yetu ilikuwa katikati ya mashamba ya chai, upande wa Boito, na mradi fulani ulituletea tableti za kutusaidia kusoma. Tulikaa wawili wawili, tableti moja, hedifoni moja, kila mtu na zamu yake na mnyama wake kwenye kioo. Mimi nilikuwa tembo. Chebet, rafiki yangu na jirani yetu, alikuwa swara. Sauti ya mwanamke ilitamka silabi, nawe ukagusa uliyoisikia. Ukipata, unapewa nyota. Ukikosa, anakuambia kwa upole, "Jaribu tena," na kukurudisha nyuma kidogo. Mwanamke yule hakuchoka wala hakununa. Mwalimu wetu, Madam Chelangat, anisamehe, lakini subira ya namna hiyo sijaiona kwa mtu mwingine.

Tembo wangu alikimbia. Swara wa Chebet alikwama. Waliokwama walibaki na Madam baada ya masomo ili wapate muda zaidi na tableti, na Chebet alibaki karibu kila siku huku sisi tukienda kuteleza kwa magunia mteremkoni. Aliona ni adhabu, na sisi pia tuliona hivyo. Alasiri moja nilimkuta analia nyuma ya madarasa, mkono wa sweta umelowa machozi.

"Akinyi, nifanyie tu," akaniambia. "Wewe unajua. Hii kitu imenikataa."

Sikuona ubaya wowote. Mama yangu mwenyewe nilikuwa nimemwona akifanya vivyo hivyo. Mama Chebet alipokuwa mjamzito na mikono imekuwa mizito kuchuma chai, mama alimtilia konzi mbili tatu za majani kapuni kabla ya kupima, asije akarudi nyumbani na kilo za aibu. Basi zamu ya Chebet ilipofika, nikavaa hedifoni mimi, yeye akaishika tableti kama ndiye anayesoma, nami nikamchumia nyota.

Swara akatoka mbio. Haikupita wiki Madam alitazama alama kwenye mashine, akamsifu Chebet mbele ya darasa, tukampigia makofi ya kilo, yale ya washindi. Kisha akamtoa kwenye kikundi cha jioni, nafasi yake akapewa mtoto mwingine. Mama Chebet alinimiminia maziwa ya mursik kikombe kizima. "Asante, mama," akasema. "Umesaidia mtoto wangu." Nilikunywa, nikaongezwa, na nilijiona mtu wa maana sana.

Nilikuja kuelewa nikiwa chuoni kusomea ualimu, siku tuliyofunzwa jinsi mashine zile zinavyofanya kazi. Ile ilikuwa imeundwa imngoje Chebet. Ingemrudia silabi ile ile mpaka imwingie, na kila nyota niliyompa ilikuwa inaiambia imwache. Majani ya mama yalihitajika kwenye mizani ya siku ile tu. Chebet alihitaji kujua kusoma maisha yake yote. Alisukumwa darasa hadi darasa akinakili asichokijua, mwisho akaacha shule. Siku hiyo nilitoka darasani nikakaa nje peke yangu, na aibu ile haijaniondoka.

Nilipokuwa likizoni majuzi, Chebet alikuja kwetu na simu mkononi, uso umejaa tabasamu.

"Nisomee hii ya Kiprono, lakini usicheke."

Kiprono ni mchumba wake. Anafanya kazi kiwandani, kelele za mitambo hazimwachi apige simu, kwa hiyo huandika. Hajui kwamba Chebet hawezi kusoma. Nikamsomea Chebet polepole jinsi siku zinavyomwia ndefu bila yeye, naye akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Mwambie na mimi nampenda," akasema, akitazama chini.

Nilitaka kumwambia aketi tuandike pamoja, herufi kwa herufi, hata ikituchukua mchana mzima. Lakini alikuwa na furaha, nami sikuwa na moyo wa kuiharibu. Nikaandika, nikatuma, nikamrudishia simu. Kiprono akajibu mara moja, na Chebet akaninyooshea simu tena.