Mistari Niliyoiruka

Jirani yangu wa ukuta mmoja, hapa Rissne nchini Uswidi, alikuwa baharia wa nyambizi ujanani. Nyambizi yenyewe ilishakatwakatwa ikauzwa vyuma chakavu. Alikuwa akiandika historia ya safari zake humo, aipeleke kwa wenzake waliobaki watakapokutana baridi ikiisha, lakini macho yakamfia njiani. Akaniomba nimsomee nakala za daftari za zamu alizopata kwenye hifadhi ya nyaraka. Nikisoma, yeye angenitamkia cha kuandika.

Nilikubali kwa kuwa nimestaafu na niliona ni kazi ya kukaa tu. Mke wangu alicheka.

"Baba watoto, mimi barua ya hospitali najisomea na kamusi mkononi. Wewe unamsomea mzungu bahari?"

Daftari hizo zinachosha. Kila saa afisa wa zamu aliandika kina, mwelekeo, mwendo, kisha: hakuna la kuripoti. Ukurasa mzima, hakuna la kuripoti. Ilikuwa Desemba, giza linaingia hata kahawa ya mchana haijapoa. Nikaanza kuruka. Kwanza mstari, halafu nusu ukurasa. Sauti haikubadilika. Nimekuwa nikijisifu kwamba nasoma Kiswidi vizuri, na ufundi huo ndio niliomdanganyia mtu asiyeona.

Baada ya Krismasi, siku moja akainua mkono ninyamaze.

"Jirani, tumepanda lini?"

"Kupanda wapi?"

"Juu. Kuvuta hewa."

Nyambizi yao ilitembea kwa betri. Kila mara ilibidi isogee karibu na uso wa maji, itoe bomba la hewa, injini ziwashwe, betri zichajiwe. Yote hayo yalikuwa kwenye mistari niliyoiacha.

"Unavyosoma wewe, betri ziliisha Jumanne," akasema. "Tumekufa wote. Hata mpishi."

Nikamwambia ukweli. Akauliza nimeanza lini, nikamjibu. Akaomba kurasa zote tulizoandika tangu hapo, akazikunja, akanirudishia nizitupe.

Ningeweza kusema nilichoka, na nilichoka kweli. Lakini hakuniomba nichague. Wale vijana waliishi mle ndani saa baada ya saa bila la kuripoti, na ndicho alichotaka kiandikwe.

Tulirudia kuanzia pale nilipoanza kuruka. Kila mwisho wa ukurasa aliuliza, "Umesoma yote?" Nami nilijibu ndiyo, kama mtoto. Siku ya mkutano ikafika tukiwa hatujavuka nusu. Nilimsindikiza hadi kwenye treni, bahasha yake nyembamba kwapani.

"Waambie kosa ni langu," nikasema.

"Nitawaambia haijaisha."

Tangu arudi hajaniita. Sasa binti yake humsomea nakala zile kwa simu, spika ikiwa wazi. Jioni nasikia sauti zao ukutani, polepole, wakisimama na kuendelea. Mke wangu ananiambia nikapige hodi, hata kwa kahawa tu. Bado sijaenda.