Kibuyu Kilichofuliwa

Mama mkwe wangu alikuwa na kibuyu kimoja cha maziwa ambacho watu wote wa boma letu walijua si cha kuguswa. Kilikuwa na shingo ndefu, na tumbo lake lilikuwa limeng'aa kwa mafuta na moshi mpaka likawa na rangi ya ndama mwekundu. Ubavuni kulikuwa na mshono. Kiliwahi kupasuka zamani, mimi sijaolewa bado, na yeye mwenyewe akakishona kwa kano za ng'ombe, mshono wa kubana kabisa, akapachika shanga nyeupe juu yake ili ufa uonekane kama pambo. Ukitia maji, hakuna tone linalotoka.

Watu wa habari hii nawakumbuka wote kwa majina, hata yule mama aliyeuza zile shanga, na jina la mama yake pia. Lakini hapa nayaacha. Wengine wapo hai na tunakaa nao benchi moja kanisani.

Tulikaa Mogitu, chini ya mlima, na bado nakaa hapo. Mwaka ninaousema ni ule tulioambiwa kwamba sisi si watu wa Arusha tena, tumepata mkoa wetu, Manyara. Mume wangu aliisikia habari hiyo redioni, akaingia kwa mama yake kumweleza. Mama alikuwa amelala.

"Na mlima wameuhamisha?" akauliza.

"Hapana mama, mlima uko palepale."

"Basi hawajahamisha kitu," akasema, akageukia ukutani.

Siku hizo hilo lilikuwa neno refu kutoka kwake. Wakati wa baridi alikuwa ameumwa homa ya kifua, tukampeleka hospitali, akatibiwa, akapona. Kikohozi kiliisha, homa iliisha, lakini hakuamka kitandani. Mganga wa hospitali alisema hana ugonjwa tena. Sisi tulimwona anapungua tu, mikono imekuwa kama vijiti vya kuwashia moto. Alikuwa na nyumba yake ndogo ya tembe karibu na yetu ya bati, na alibaki humo, uso ukutani. Ugali hataki, uji hataki. Kitu pekee alichokubali ni maziwa mgando ya kwenye kibuyu chake, mafunda mawili matatu asubuhi na jioni. Ukimpa kwenye chombo kingine anafunga mdomo kama mtoto. Kwa hiyo mimi niliposhika kile kibuyu nilijua nimeshika nini. Siku maziwa yale yakimshinda, mama hatuna.

Nisiseme kwamba mimi nilivichukia vitu vipya. Hapana, nilivipenda sana! Wakati tulipoolewa sisi, hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, unakata kipande kidogo unakificha. Baadaye vitu viliporuhusiwa, mnada wetu ukajaa rangi. Ndoo nyekundu, mabeseni ya bluu, majagi yenye maua, chupa za chai ambazo unaamka asubuhi na chai bado inaunguza ulimi. Nilinunua beseni la kijani, na wiki nzima nikawa naliweka mahali ambapo mgeni akiingia tu analiona. Nyumba nilisiriba kwa samadi na majivu kama nilivyofundishwa, halafu katikati ya sakafu ile ninaweka beseni langu la kijani. Lilipendeza jamani.

Mwaka huohuo mwanangu wa kwanza akaoa. Mke wake alitoka Maretadu, kwenye baridi ya juu, kwa watu wanaolima mahindi na maharage, wasafi kupita kiasi. Kwao vibuyu walikuwa wameacha tangu yeye mdogo. Maziwa yalikaa kwenye ndoo na majagi, na jioni kila chombo kinasuguliwa kwa sabuni mpaka kinalia. Alikuja na sanduku lililojaa vitambaa alivyofuma mwenyewe kwa ndoano ya spoku ya baiskeli. Wiki ya kwanza alivalisha nyumba yetu yote. Meza ikapata kitambaa, viti vikapata, redio ikapata, mtungi wa maji ukapata. Mume wangu akasema anaogopa kukaa kimya muda mrefu, atafunikwa na yeye.

Mama mkwe alimpenda, ila kwa maneno ya utani, maana kwetu mke wa mjukuu ni mke mwenza wa bibi. Binti alipoingia kumsalimia mara ya kwanza, akapiga magoti akasema shikamoo bibi, mama alifumbua jicho moja.

"Marahaba. Wewe ndiye umekuja kuninyang'anya mume?"

"Tutagawana, bibi."

"Mchukue mzimamzima. Anakoroma."

Tukacheka, na mimi nikafikiri sasa ataamka. Hakuamka.

Sasa siku yenyewe. Nilikwenda mnadani toka asubuhi, nikamwachia mkamwana nyumba. Jioni narudi, mzigo kichwani, toka mbali naona kamba ya nguo imejaa. Mashati ya mwanangu, khanga zangu, shuka. Na mwishoni kabisa, kimefungwa kwa uzi shingoni, kichwa chini, kinabembea kwa upepo, kibuyu cha mama.

Nilitua mzigo palepale njiani.

Mkamwana akaja kunipokea anatabasamu mpaka masikioni. "Shikamoo mama. Nimefua zote. Na kile kibuyu cha bibi, mama, kilikuwa na moshi ndani mweusi! Sijui kilikaa hivyo tangu lini. Nimetia sabuni ya unga na mchanga, nimekitikisa, nimesuuza, nikarudia. Sasa kinanukia."

Nikakinusa. Ni kweli, kilinukia. Kilinukia kama shati la mwalimu siku ya Jumatatu.

Mwanangu, nikamwambia, ule moshi mweusi ndio uliokuwa dawa ya maziwa. Kibuyu kinafukizwa kwa kaa la mzeituni wa porini, unalisugua ndani, unakung'uta majivu, ndipo unamimina maziwa. Na moshi wa mwaka huu unakaa juu ya moshi wa mwaka jana. Ndio unaofanya maziwa yasioze na yawe na ule utamu. Nilimweleza hivyo polepole. Tabasamu likatoka usoni mwake. Akakaa chini kwenye majani.

"Bibi atakunywa nini?" akauliza.

"Hilo ndilo ninalojiuliza."

"Mama, nikafukize sasa hivi, asijue?"

Jua lilikuwa linashuka, ng'ombe wanarudi. Nikamwambia fanya haraka, mimi nikakamue. Ninarudi jikoni, nakuta moshi umejaa na kibuyu kimefukizwa kweli, lakini kuna harufu inanichoma macho. Mtoto wa watu alikuwa ameokota kuni ya kwanza aliyoiona. Mkaratusi! Sasa kibuyu kina sabuni na kina dawa ya kikohozi.

Hatukuwa na lingine. Tukatia ndani mtindi wa kwenye ndoo, tukaenda wote wawili, yeye nyuma yangu kama kivuli. Nikampokeza mama kibuyu. Alikipokea bila kutazama, kama kila siku, akanywa funda moja. Akalibakiza mdomoni. Kisha akalitema lote kwenye majivu.

Akakigeuza kibuyu, akapapasa mshono wake kwa kidole gumba. Akakinusa.

"Nani amenifulia kibuyu?"

Nilikuwa nataka kusema ni mimi. Nilifungua mdomo kabisa, lakini binti alishapiga magoti. "Ni mimi, bibi. Nisamehe. Niliona kimechafuka."

"Ukakianika kwenye kamba?"

"Ndiyo bibi."

"Na nguo za ndani?"

"Hapana bibi! Na mashati."

Mama akageukia ukutani. Halafu blanketi likaanza kutikisika. Nikasema Mungu wangu, analia. Nikainama nimtazame. Alikuwa anacheka! Anacheka bila sauti, machozi yanashuka, mdomo wazi na yale meno yake machache. "Mke mwenzangu," akasema alipopata pumzi, "ulitaka na pasi ukipige?"

Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile ya zamani iliyokuwa inanitoa jasho nilipokuwa mkamwana mimi. "Sasa sikiliza. Maji hayatoi sabuni hiyo. Mkojo wa ng'ombe ndio utaitoa. Nenda zizini ukakinge."

Binti akanitazama mimi. Nikamwambia ni kweli, ndivyo tunavyofanya. Akainuka, akaingia nyumbani, akatoka na jagi lake jipya la maua, zawadi ya mama yake.

"Si hilo!" nikapiga kelele. "Chukua kopo!"

Tukamsikia huko zizini. Ng'ombe wetu mwekundu alikuwa na dharau, hakupenda wageni. Binti anamfuata upande huu na kopo, ng'ombe anageuka upande ule. Mwanangu amesimama mlangoni mwa zizi ameshika mbavu kwa kicheko, na mke wake anamfokea, "Usinicheke, njoo ushike mkia! Kibuyu ni cha bibi yako!"

Nikasikia nyuma yangu kitanda kinalia. Mama ameshusha miguu.

"Nishike," akaniambia. "Nipeleke mlangoni. Hili lazima nilione kwa macho."

Miguu ilimtetemeka sana. Nilimshika kiunoni, alikuwa mwepesi kama kapu, tukaenda hatua ndogondogo mpaka mlangoni, nikamkalisha kwenye kigoda chake. Alikuwa hajaliona jua tangu baridi. Akaziba macho kidogo kwa kiganja, kisha akaanza kutoa amri kwa sauti. "Msugue mgongo kwanza! Mwimbie! Mke mwenzangu, ng'ombe hakimbizwi kama basi!" Mume wangu alitoka nyumba ya bati kuona kuna vita gani, akamkuta mama yake amekaa mlangoni anafoka, akasimama tu, kofia mkononi.

Kopo lilijaa, usiulize namna gani, na binti naye alilowa. Kibuyu kikalala na mkojo ule, asubuhi kikasuuzwa kwa maji ya moto. Mama aliamuru abebwe hadi kwenye mafiga, maana mzeituni hakumwamini mtu mwingine kuuchagua. Alifukiza mwenyewe, binti kando yake ameshika koleo. Maziwa ya kwanza tulimpa mbwa. Mbwa akanusa, akatutazama, akaondoka zake.

"Bado," mama akasema.

Tukaanza upya. Na hapo, katikati ya kazi, jasho limemtoka, akasema, "Sasa mimi nitakufa njaa nikikingoja hiki kibuyu? Mke mwenzangu, niletee maziwa kwenye hicho kidude chako cha maua."

Mimi na mkamwana hatukutazamana, tuliogopa atabadilisha mawazo. Binti alijaza kikombe cha plastiki kutoka kwenye jagi, akampa kwa mikono miwili. Mama akanywa, akakunja uso, akanywa tena, akamaliza. "Yana ladha ya ndoo," akasema. "Ongeza." Jioni akadai na ugali.

Kibuyu kilirudi katika hali yake baada ya kufukizwa tena na tena. Maziwa yake yakawa yaleyale, mimi niliyaonja na ninajua. Mkamwana akakifumia kofia ya uzi wa bluu ya kufunika mdomo, na mama akasema haya, mzee wa watu amevalishwa kofia ya kwenda kanisani. Lakini hakuitoa.

Alikaa nasi miaka mingine mingi, na kila alfajiri ya miaka hiyo nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu kutoka kitandani mpaka kwenye mafiga. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, anavua ile kofia ya bluu, anaingiza pua kwenye mdomo wa kibuyu.

"Bado kuna sabuni kidogo," alikuwa anasema. Halafu anamwita binti alete kaa.